Inadaiwa na nani? Tunayoyaamini barazani kuhusu habari, na yalivyo

Alasiri pale Mkunguni, mbele ya ngome ya Amu, yaani mji wa Lamu, pwani ya Kenya, gazeti moja husomwa na watu kumi. Mmoja anasoma kwa sauti, waliobaki wanatoa hukumu. Hukumu zenyewe nazijua kwa ghibu, kwa sababu nami nimezitoa sana. Nyingi hazina mguu.

"Gazeti hili la uongo, lile ndilo la kweli."

Ingekuwa hivyo tungenunua moja tukapumzika. Upendeleo hauhitaji uongo hata mmoja. Hukaa katika kilichochaguliwa na kilichoachwa, na katika nani kahojiwa juu kabisa na nani kasukumwa aya ya mwisho ambako wasomaji hawafiki. Chukua fidia ya wavuvi wetu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari ya Lamu walipwe Sh1.76 bilioni. Mtu akiandika "Wavuvi wa Lamu wapata Sh1.76 bilioni", tarakimu hajaizua. Ila kushinda kesi si kulipwa: Mei 2021, gati la kwanza lilipofunguliwa, wavuvi walikuwa wangali wanadai. Halafu zigawe hizo pesa mwenyewe. Ni kama Sh380,000 kwa kila mmoja, kwa mtu aliyepoteza maji aliyoyavua tangu utotoni.

"Kuwa wa haki ni kumpa huyu dakika tano na yule dakika tano."

Hapa ndipo tunapokosea zaidi, watangazaji kwa wasikilizaji. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, uliopangwa kujengwa Kwasasi, kaunti ya Lamu. Barazani upande mmoja ulishangilia: makaa yamepigwa marufuku. Upande wa pili ulilalama: wanaharakati wamewanyima vijana kazi. Ukiwakalisha wawili hao studioni, dakika tano kwa tano, utapata kelele zilizopimwa sawasawa.

Uamuzi wenyewe haukusema la huyu wala la yule. Kubwa lililosemwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na kwamba wenye mradi wakitaka kuendelea waanze upya tathmini ya athari kwa mazingira. Kwa hiyo mlango ulifungwa bila kupigwa msumari. Hilo hulipati kwa kuchukua nusu ya huyu na nusu ya yule ukachanganya. Unalipata kwa kuusoma uamuzi. Ni mrefu na unachosha, nakubali, lakini kurasa za mwisho, zile za amri, zinatosha kujua nani anatia chumvi.

"Wahusika wameshakiri, basi yamekwisha."

Juni 2014 mji wa Mpeketoni, kaunti ya Lamu, ulishambuliwa, watu zaidi ya 60 wakauawa. Al-Shabaab walisema ni wao. Baada ya siku mbili Rais Uhuru Kenyatta akasema hapana, ni mitandao ya wanasiasa wa hapa hapa. Kila kauli ilikuwa habari, na hakuna iliyokuwa ushahidi. Kundi la namna ile lina faida yake katika kujisifu, na serikali ina yake katika kuamua nani alaumiwe. Msomaji aliyeishika moja akaitupa nyingine, mara nyingi alichagua kwa kumtazama aliyesema.

(Jambo dogo, lakini linaudhi: Mpeketoni iko bara. "Lamu" ni mji, ni kisiwa, na ni kaunti nzima. Likiandikwa jina hilo tupu, wageni hufuta vyumba Shela, kijiji cha kisiwani, ng'ambo ya maji kabisa.)

"Hayo ni maneno tu, tazama maana."

Maneno ndiyo maana. Kiswahili kina uhodari wake wa kumficha mtu ndani ya herufi moja: "nyumba zimebomolewa", na ile "w" imemmeza mbomoaji. "Vijana wamefariki" na "vijana wameuawa" ni habari mbili. Ami yangu hajasoma uandishi wa habari, lakini kila msomaji wa gazeti akitamka "inadaiwa", yeye humkatiza: "Na nani?" Msomaji hurudi kutafuta jina. Mara nyingi halipo, na baraza zima hucheka.

"Ukiandikwa vibaya, meza tu."

Si lazima. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutaka habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu zirekebishwe au zifutwe, na Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya lina tume ya kupokea malalamiko. Shangazi yangu aliwahi kujaribu. Kituo kimoja cha redio kilitangaza kwamba ukuta wa nyumba yake ulianguka kwa uzembe wake, bila kumpigia hata simu, ilhali jirani alikuwa akichimba msingi upande wa pili. Tuliandika barua, tukaandika tena, wakakubali. Taarifa ya kwanza ilikuwa imesomwa saa moja jioni, wakati kila nyumba redio iko wazi. Marekebisho yalisomwa usiku wa saa tano, baada ya hali ya hewa. Shangazi hakuyasikia, alikuwa ameshalala.