Mizani ya Msafiri: Tamathali Zinavyofichua Msimamo wa Mwandishi

Mwandishi wa safari akisema "niliupenda mji ule" au "ulinichosha", bado hajasema mengi. Mara nyingi hiyo ni adabu tu, au hasira za siku moja. Msimamo wake halisi hujificha kwenye vitu anavyovilinganisha, kwenye watu anaowapa vitenzi na wale anaowanyima, na hata kwenye mpangilio wa sentensi. Kazi yangu ni kufundisha elimumitindo, yaani uchunguzi wa mtindo wa lugha, na nikishika simulizi ya safari huanza na tashibiha. Vivumishi navipitia baadaye.

Tashibiha ina pande mbili, na ule wa pili mwandishi ameubeba kutoka kwao. Akiandika kwamba mto ni mpana kama bahari, ameueleza mto na papo hapo ametuonyesha mizani anayopimia. Mtazame Richard Burton, Mwingereza aliyefika Ziwa Tanganyika Februari 1858. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860 analieleza ziwa kwa jicho la mchoraji: ukanda wa kijani cha zumaridi, utepe wa mchanga wa manjano, maji ya buluu laini, na ng'ambo ukuta wa milima yenye rangi ya chuma. Sifa zimemiminwa. Halafu anasema mandhari hiyo imepungukiwa kidogo tu na kazi ya mikono ya watu, yaani misikiti na makasri, bustani na miti ya matunda, ili ishindane na mandhari mashuhuri za nchi za ustaarabu wa kale. Vijiji, mashamba na mitumbwi ya wavuvi amevitaja, ila kazi yao ni kuichangamsha picha. Wenye ziwa wamo, lakini wamekuwa rangi. Ndiyo maana hushtuka kila ninapomwona msafiri akiorodhesha visivyokuwepo: hakuna barabara, hakuna taa, hakuna huduma. Mahali halisi pamewekwa kando, na anachokisoma ni orodha aliyofunga safari nayo.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco wa karne ya kumi na nne, naye ana mizani yake, na kwangu yeye ni mtamu zaidi kwa sababu haifichi. Mwaka 1352 yuko Mali, kwa mtawala wake Mansa Sulayman. Anaambiwa ainuke, zawadi ya sultani imefika. Anainuka akitarajia mavazi ya heshima na fedha. Kinacholetwa ni mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe iliyokaangwa, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Anacheka. Angalia ufundi wa tukio hilo: anatupandisha ngazi kwa matarajio, kisha anatushusha kwa vitu vitatu vya kawaida, kimoja baada ya kingine, vikiwa vimehesabiwa. Angesema tu "alininyima zawadi ya maana", tungemwona mlalamishi. Kwa kutupandisha na kutuporomosha, ametufanya tucheke naye kabla hatujajiuliza kama ana haki ya kucheka. Kumbe mkate na maziwa kwa mgeni vingeweza kuandikwa kama ukarimu. Msafiri huyuhuyu, alipopita Kilwa mwaka 1331, alimsifu sultani wake aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi, kwa utoaji wake. Kipimo ni kilekile: mtawala ni mkono wake unavyofunguka. Tena simulizi hilo lilitungwa kwa amri ya sultani wa Fes, mji wa Morocco, na kukamilika mwaka 1355, mwandishi wake akiwa Ibn Juzayy aliyeyapokea maneno ya msafiri. Mimi nasoma kicheko kile nikimkumbuka pia msikilizaji wa kwanza, yaani sultani huyo wa Fes, ambaye naye alikuwa na hazina ya kufungua. Kwa haki yake, Ibn Battuta aliwasifu watu wa Mali kwa uadilifu na kwa usalama wa njia zao.

Baadhi ya mbinu zenye nguvu hata hatuzihesabu kuwa tamathali. Kiswahili kina kiambishi hu- cha mazoea, na ni hatari sana mkononi mwa msafiri. "Jioni ile walizungumza kwa sauti kubwa" ni habari ya jioni moja. "Watu wa huko huzungumza kwa sauti kubwa" ni hukumu ya taifa zima, nayo imetokana na jioni ileile. Kauli ya kutendwa hufanya kazi ya aina hiyo kimyakimya: "mizigo ikabebwa, hema likasimamishwa, chakula kikaandaliwa." Na nani? Wapagazi wameyeyuka ndani ya kitenzi, na msafiri amebaki peke yake porini kama shujaa. Irudishe sentensi kwenye kauli ya kutenda uone watu wangapi wanajitokeza.

Chuku na maswali ya balagha sitayakawilia. Msomaji huyaona kirahisi, na kinachoonekana kirahisi hakimdanganyi mtu.

Kinaya ndicho kinachotaka uangalifu, hasa pale mwandishi anapojicheka mwenyewe: amepotea njia, amevaa vibaya, amesalimia asivyopaswa. Tunamwamini mtu anayejicheka. Ila fuatilia kurasa zinazofuata uone amana hiyo anaitumiaje, maana wengine hujikejeli ukurasa mmoja ili wapate ruhusa ya kuwakejeli wenyeji kurasa kumi. Mimi huangalia jambo moja: je, kuna mwenyeji yeyote anayepewa nafasi ya kumjibu kwa maneno yake mwenyewe, tena maneno yenye akili? Kama wenyeji wanatabasamu tu na kuonyesha njia kwa kidole, unyenyekevu ule ni vazi.

Kwa mazoezi huwapa wanafunzi sentensi mbili hizi. "Mji ni mchafu, lakini watu wake ni wakarimu." "Watu wake ni wakarimu, lakini mji ni mchafu." Ukweli ni uleule, na hakuna tamathali hata moja. Hata hivyo wa kwanza anataka kurudi, na wa pili ameshafunga begi.