Darubini ya bei nafuu kwa bunduki ya kalibre 12: tazama umbali wa jicho kwanza

Mwezi uliopita mzee mmoja aliingia katika karakana yangu hapa Kamalondo, Lubumbashi, akiwa na darubini ya bunduki aliyoifunga kwa kipande cha kitenge. Juu ya nyusi yake ya kulia palikuwa na kovu bichi lenye umbo la mwezi mwandamo, na nilipoifungua ile darubini nikaona kwamba ukingo wa lenzi ya jicho ulilingana kabisa na mviringo wa lile kovu. "Fundi, ilinigonga nilipopiga risasi ya pili tu," akaniambia. Nikamjibu, "Pole sana, Papa. Hukukosea kushika bunduki. Ulichaguliwa darubini isiyofaa."

Kazi yangu ya kila siku ni kutengeneza teodolaiti na vyombo vingine vya lenzi vya wapima ardhi wa migodini, lakini kila mwaka huniletea pia wawindaji kadhaa wenye vibali halali, ambao karibu wote wamedanganywa kwa namna moja: wameuziwa ukuzaji. Darubini ya yule mzee ilikuza mara 3 hadi 9, nayo ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya bunduki ndogo isiyo na teke. Niliielekeza dirishani, nikashika karatasi nyeupe nyuma ya lenzi ya jicho, nikaisogeza taratibu mpaka kile kiduara cha mwanga kikawa na ukingo mkali kuliko popote, kisha nikapima kwa rula umbali kati ya karatasi na lenzi. Katika ukuzaji wa mara 9 rula ilisoma sentimita 7. Hapo ndipo jicho linapotakiwa kukaa ili lione picha nzima, na hapo ndipo bunduki ya kalibre 12 (shotgun), inaposukuma mbele risasi nzima, yaani donge moja la gramu 28 hivi, hurudi nyuma kwa nguvu na kulifikia jicho. Mwindaji anapolenga juu ya mteremko, au anapolala kifudifudi, kichwa chake husogea mbele zaidi na nafasi hiyo hupungua tena. Kwa bunduki ya namna hii sikubali umbali wa jicho ulio chini ya sentimita 9, na nikipata 10 hufurahi. Jaribio la karatasi halihitaji chombo chochote cha gharama. Lifanye dukani kabla hujatoa pesa.

Huko Marekani yako majimbo ambayo kwa muda mrefu yaliruhusu kulungu kuwindwa kwa bunduki za namna hii na si kwa raifo, yaani bunduki za masafa marefu, kwa hoja kwamba risasi nzito ya kalibre 12 hupoteza nguvu mapema na haifiki mbali kama ya raifo, kwenye makazi ya watu. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa kule hutoa darubini maalumu za bunduki hizo, zenye ukuzaji mdogo na umbali wa jicho mrefu, na nyingi kati yake ni za bei ya chini. Mahitaji yao yanafanana sana na yetu. Katika miombo ya Katanga, mahali ambapo uwindaji unaruhusiwa, miti haikuachii kumwona pongo au nsya mbali zaidi ya mita 50 au 60, na ukuzaji wa mara 9 kwa umbali huo hukuonyesha eneo dogo tu, ikawa vigumu kumpata mnyama upesi au kuona nini kimesimama karibu naye. Ukuzaji wa mara 4 usiobadilika unatosha, nao una faida nyingine: ndani yake hakuna lenzi za kusogeasogea, kwa hiyo kwa bei ileile pesa yako imeingia katika kioo na uimara wa bomba.

Mwanga nao huhesabika kwa njia rahisi. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, upate upana wa kiduara cha mwanga kinachofika jichoni: milimita 32 kwa 4 ni 8, wakati 40 kwa 9 ni kama 4 na nusu. Mboni ya kijana hufunguka hadi milimita 7 hivi gizani, na ya mzee kwa kawaida hufunguka pungufu ya hapo, kutegemea mtu. Kwa hiyo alfajiri darubini ndogo ya mara 4 hulipa jicho mwanga wote linaloweza kupokea. Usiijaribu mbele ya mlango saa sita mchana, ambapo kila kioo kinang'aa. Itazamishe kwenye kona yenye kivuli jioni.

Wauzaji hupenda pia kutisha watu kwa paralaksi, yaani ule msalaba wa kulengea kuonekana ukihama jicho likisogea. Nimelipigia hesabu jambo hili: darubini yenye lenzi ya milimita 32 iliyorekebishwa kwa yadi 100, ikitumika kwa mita 40, haiwezi kukukosesha kwa zaidi ya sentimita moja. Usilipe hata dola tano kwa ajili yake.

Lipia vishikizo, yaani pete zinazoishikilia darubini kwenye bunduki. Pete laini za bati huachia polepole kwa kila teke, na mwindaji hulaumu kioo. Bunduki ya zamani ya mitutu miwili isiyo na reli ya kufungia darubini iache ilivyo, na anayetumia risasi za chembe nyingi hana haja ya darubini kabisa.

Yule mzee alichukua ya mara 4, lenzi milimita 32, umbali wa jicho sentimita 10. Kabla hajalipa tuliitikisa karibu na sikio tukisikiliza kama kuna kitu kinachogonga ndani, kisha tukazungusha vidhibiti vyote viwili vinavyohamisha msalaba mpaka mwisho, tukihesabu kila mlio, tukavirudisha hadi msalaba ukakaa pale ulipoanzia. Alipoipiga kwenye shabaha ya mita 50, risasi tatu zilikaa karibu pamoja, sentimita 10 chini ya alama. Kila mlio wa darubini hiyo husogeza risasi milimita 7 kwa mita 100, yaani 3 na nusu kwa mita 50, hivyo nilimwambia apandishe milio 28, apige tatu nyingine, kisha akaze upya skrubu za pete kabla ya kurudi nyumbani.