Sarafu ya shilingi 40 bado ni pesa

Ukimpa konda wa matatu pale Muthurwa sarafu ya shilingi 40, huenda akaigeuzageuza kisha akurudishie: "Hii ilifutwa, mama." Wengine huongeza kuwa Katiba ya 2010 ndiyo iliyoiua kwa sababu sarafu hiyo ina sura ya Kibaki, aliyekuwa rais.

Haikufutwa. Benki Kuu ya Kenya iliitoa mwaka 2003, nchi ilipotimiza miaka 40 ya uhuru, na ndiyo maana thamani yake ni 40. Ni ya metali mbili, kiini na ukingo vya rangi tofauti, na ilitolewa ili itumike, si ya kuwekwa kabatini tu.

Kuhusu Katiba, ni kweli kifungu cha 231 kinakataza picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu, na ndiyo maana sarafu za 2018 zina wanyama: twiga, kifaru, simba, ndovu. Lakini Katiba hiyohiyo, katika Jedwali la Sita, inasema wazi kuwa katazo hilo haliondoi uhalali wa pesa zilizotolewa kabla yake. Sehemu hii husomwa na wachache, nami huumia nikiona mama mboga akipoteza shilingi 40 zake halali kwa uvumi. Kilichofutwa mwaka 2019 ni noti za zamani za 1,000.