Ganzi Kubaki Hakumaanishi Dawa ya Vaskulitisi Imeshindwa

Katika kliniki ya neva, kauli inayonichosha kuliko zote kwa wagonjwa wa vaskulitisi, yaani ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mishipa ya damu, ni hii: "Daktari, niliacha dawa kwa sababu mguu bado una ganzi." Anayeisema huwa ameingia akiburuta mguu, ncha ya kiatu chake imelika kwa kukwaruza sakafu, na mara nyingi amekwisha kupoteza nguvu zaidi tangu aziache.

Prednisoloni, ikisaidiwa na saiklofosfamaidi au rituksimabu pale ugonjwa unapokuwa mkali, huituliza kinga ya mwili ili isiendelee kushambulia vijishipa vya damu vinavyolisha neva. Haifufui nyuzi zilizokwisha kufa kwa kukosa damu. Nyuzi hizo huota upya polepole, kwa takriban milimita 1 kwa siku, kwa hiyo neva iliyoumia karibu na goti, yenye sentimita 40 za kuota hadi vidoleni, itahitaji zaidi ya mwaka mmoja hata matibabu yakienda vizuri, na wakati mwingine ganzi kidogo hubaki moja kwa moja. Ndiyo maana miezi ya mwanzo siulizi kama ganzi imekwisha, bali kama imesambaa, au kama kiganja au mguu mwingine umelegea ghafla kwa maumivu makali. Ugonjwa usiposonga mbele, dawa inafanya kazi yake. Kila mgonjwa wangu namsihi achore kwa kalamu mpaka wa ganzi kwenye ngozi na kuupiga picha kila mwezi, kwa maana kumbukumbu hudanganya, na asiache mazoezi ya viungo, kifundo kisije kikakakamaa kabla neva haijafika.

Kuacha prednisoloni ghafla baada ya kuitumia kwa wiki nyingi ni hatari ya pekee, kwa sababu tezi za adrenali, zinazotengeneza homoni ya mwili inayofanana na dawa hii, huwa zimelala na mgonjwa anaweza kuzirai kwa kushuka shinikizo la damu. Anayehofia kwamba dawa hii itampandishia sukari na kumdhoofishia mifupa ana haki ya kuhofia, lakini jibu ni kupunguziwa dozi hatua kwa hatua na daktari, huku dawa nyingine ya kutuliza kinga, azathiopirini au methotreksati, ikishika zamu.

Sindano za vitamini B hazitibu vaskulitisi. Gabapentini hupunguza maumivu tu.

Wala majibu mazuri ya damu hayatoshi kuondoa shaka ya ugonjwa huu, kwa kuwa vaskulitisi iliyojifungia ndani ya neva huweza kuiacha ESR, kipimo cha damu kinachoashiria uchochezi mwilini, ikiwa ya kawaida, na hapo kipande kidogo cha neva kutoka kifundoni, kikitazamwa kwa hadubini, ndicho kinachoweza kuthibitisha.