Je, wajua kwa nini bomba la majitaka huanza kuoza juu, si chini?

Ukifukua bomba la zege la majitaka lililokaa ardhini miongo kadhaa, utakuta jambo la kushangaza. Upande wa chini, unaopitiwa na uchafu usiku na mchana, mara nyingi bado ni mgumu. Uliolika ni upande wa juu, ambao maji hayaugusi kabisa. Ukwaruze kwa bisibisi: unabanduka mweupe, laini kama chokaa iliyolowa, hadi kokoto zinachomoza. Siku lori likipita juu yake paa hilo hukatika, barabara hubonyea, na majitaka hufumka kwenye chemba ya jirani.

Kinachoua bomba hilo ni hewa iliyomo ndani yake. Kwenye utelezi ulioganda ukutani chini ya maji hakuna oksijeni. Bakteria wanaoishi humo hutumia salfeti iliyomo kwenye majitaka na kutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hupanda na kukutana na unyevu uliotanda kwenye paa la bomba, na hapo bakteria wa aina nyingine, wanaohitaji hewa, huigeuza kuwa asidi ya salfuriki. Asidi hiyo hula saruji na kuacha jasi tupu. Mahali penye hali mbaya, zege hupoteza milimita kadhaa kila mwaka.

Hali mbaya ni ipi? Ni joto na mwendo wa polepole. Kwa mfano, mji wa Tabora uko kwenye uwanda wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, lakini ardhi yake ni tambarare, na mteremko hauji wenyewe. Lazima utafutwe kwa vipimo. Majitaka yanayojikokota huchacha njiani na gesi huongezeka. Tena, maji ya Ziwa Victoria yameshafika katika mji uliozoea kutegemea bwawa la Igombe, na sehemu kubwa ya kila ndoo inayoingia nyumbani hutoka kama majitaka.

Ndiyo maana bomba la kubadilishia huwa la plastiki, ambayo asidi hii haiiwezi. Wakazi wengi hudai liwe pana zaidi, wakiamini pana haliwezi kuziba. Hapo hukosea. Tuchukue mtaa wa nyumba 40, kila moja watu sita, kila mtu lita 80 kwa siku: hizo ni lita 19,200. Asilimia 80 ikirudi kama majitaka, ni lita 15,360. Hata asubuhi wote wanapooga, tukihesabu mara nne ya wastani, haifiki lita moja kwa sekunde. Ndani ya bomba pana kiasi hicho hutambaa kama utando, maji hupita na kinyesi hubaki. Bomba la milimita 160 linatosha, mradi lipate mteremko wa 1 kwa 150, yaani chemba mbili zilizoachana mita 45 zipishane sentimita 30.

Kazi yenyewe ifanyike kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, kabla mvua hazijajaza mtaro. Inapowezekana, bomba jipya hulazwa kando ya la zamani, ili la zamani liendelee kufanya kazi na nyumba zihamishwe moja moja. Nafasi isipokuwepo, chemba ya juu huzibwa kwa puto la mpira na majitaka husukumwa kwa pampu hadi chemba ya chini. Pampu ya pili iwe pale pale, imejaribiwa. Moja ikizima saa moja asubuhi, uchafu hurudi vyooni mwa watu.

Mtu asiingie kwenye chemba kwa kuamini pua yake. Gesi hii ikizidi hufisha uwezo wa kunusa, kwa hiyo harufu ikikatika ghafla huenda hatari ndiyo imezidi. Hewa hupimwa kwa kifaa, mifuniko ya chemba za jirani hufunguliwa, na anayeshuka hufungwa mkanda wenye kamba iliyoshikwa na watu walio juu. Akianguka, avutwe kwa kamba. Anayemfuata kwa huruma huweza kufa pamoja naye.

Ulazaji huanzia chini kwenda juu, soketi, yaani ncha pana za mabomba zinazopokea bomba linalofuata, zikitazama kule majitaka yatokako. Chini ya bomba huwekwa mchanga wa sentimita 10, na chini ya kila soketi huchimbwa kijishimo, ili bomba lilale lote badala ya kuning'inia kwenye maungio. Mpira wa soketi hupakwa sabuni. Grisi au oili huuvimbisha na kuuharibu, kisha mizizi ya miembe, ambayo Tabora haikosekani, hupata upenyo. Mzizi mwembamba kama uzi ukishaingia hunenepa humo humo, na karatasi na matambara hunasa hapo.

Kwenye udongo mweusi wa mbuga usirudishe ulichochimba kuzunguka bomba, kwani hutanuka masika na kupasuka kiangazi, ukilipindisha. Leta mchanga, shindilia kwa mkono tabaka za sentimita 15, na mashine isipite hadi bomba lifunikwe sentimita 30. Nyumba huunganishwa kwa kiungo cha Y. Tundu lililotobolewa kwa nyundo huvuja, na ncha ya bomba la nyumba huchomoza ndani na kukamata taka.

Kabla ya kufukia, shika tochi chemba moja na kioo chemba ya pili. Ukiona duara kamili la mwanga, bomba limenyooka. Ukiona nusu duara, limebonyea na lifukuliwe siku hiyo hiyo. Kisha ziba ncha zote, pampu hewa hadi geji ya maji, yaani mrija wenye maji unaopima msukumo wa hewa, isome milimita 100, na subiri dakika tano: isishuke chini ya 75.

Bomba la zamani nalo lizibwe ncha na kujazwa saruji nyepesi, la sivyo litakuwa njia ya panya, na siku moja litaporomoka na barabara. Kama ni la asbesto, msilikate kwa mashine likiwa kavu. Lilowesheni, au liacheni huko huko chini.