Pesa ya korosho imeingia, TV gani uchukue?

Mimi sihitaji kusikiliza redio kujua kama wakulima wamelipwa. Naangalia bajaji. Ikifika Novemba au Desemba zinapita mbele ya banda langu hapa Mtwara mjini zimebeba maboksi ya TV, mengine yamelazwa kifudifudi kwenye kiti cha abiria kama mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Ligula. Nikiona hivyo roho inaniuma, maana najua baadhi ya maboksi hayo yatarudi kwangu kabla ya Pasaka.

Nimeanza ufundi enzi za TV za chogo. Mbili bado ninazo bandani, nimeziwekea ubao juu, zimekuwa meza. Sasa hivi karibu kazi zangu zote ni flati, na swali ninaloulizwa kila siku ni hilo hilo: "Fundi, nina laki nne, nichukue TV gani?" Watu wanatarajia nitaje kampuni. Mimi huwauliza kwanza: ikikufia hapa Mtwara, fundi wako atapata wapi kifaa chake?

Nitaeleza kwa nini.

Flati ukiifungua ina mambo matatu tu ya maana: kioo, taa na bodi, ile sahani yenye vifaa vya umeme. Kioo chenyewe hakiwaki. Nyuma yake kumepangwa vipande virefu vyenye taa ndogondogo, na hizo ndizo zinazoitwa LED kwenye boksi. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii si LCD, hii ni LED", mwache amalize, kisha ujue kwamba kioo ni kile kile cha LCD, ila taa za nyuma ndizo za LED. Taa hizo zimeungwa kwa mnyororo, umeme unatoka moja kwenda nyingine. Ikiungua moja, mara nyingi mstari mzima unazima, na bodi ikigundua hitilafu inazima zote. Ndiyo ule ugonjwa wa "sauti ipo, picha hakuna". Ukitaka kuhakikisha, zima taa za sebuleni, washa tochi ya simu na umulike kioo kwa karibu. Ukiona watu wanatembea ndani gizani, kioo chako kizima, na mara nyingi bodi nayo nzima, kilichokufa ni taa. Hiyo inatibika, tena si kwa pesa nyingi, mradi vipande vya taa za saizi yako vinapatikana.

TV za bei ya chini zinaua taa haraka kwa sababu taa ni chache na zinasukumwa kwa nguvu ili picha ing'ae dukani. Ukishafika nyumbani, ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta bakilaiti, yaani nguvu ya taa za nyuma, ishushe mpaka nusu au sitini. Siku mbili za kwanza utaona kama imefifia, ya tatu jicho limezoea. Hakuna ushauri wa bure ninaoutoa ulio na faida kubwa kuliko huu, na hakuna unaopuuzwa kama huu.

Kioo kikipasuka ni habari nyingine. Bei ya kioo kipya inakaribia bei ya TV nzima, kwa hiyo sitakudanganya, hiyo TV imekwenda. Inabaki kuwa spea. Na hapa ndipo swali langu la mwanzo linapopata maana: bandani kwangu kuna TV zilizopasuka vioo zaidi ya ishirini, na bodi zake ndizo zinazofufua TV za watu wengine. Nyingi ni inchi 32 za majina yale yale yaliyojaa mtaani. Ukija na jina ambalo sijawahi kulisikia, limenunuliwa mara moja kwenye kontena lisilorudi tena, nitahangaika wiki tatu, na mwisho nitakufungia bodi ya yunivesali ambayo haitaelewana na rimoti yako. Basi ukiwa na bajeti ndogo, nunua TV ambayo jirani yako anayo. Upekee waachie wenye pesa.

Kuna mzee mmoja wa Tandahimba, mwaka juzi, alikuja na inchi 55 ndani ya blanketi. Baada ya shikamoo akaniambia, "Mwanangu, hii nimeambiwa ina 4K, mbona imeandika mistari?" Nikaifungua. Kioo kimepasuka kwa ndani, kwenye kona, pale palipolalia kwenye gari. TV haisafirishwi imelala, mzee, nikamwambia, inasimama kama mtu. Alinyamaza kidogo, akaniuliza tena hiyo 4K ni kitu gani hasa. Nikaanza kumweleza, na ninyi nitawaeleza vile vile.

Picha ni nukta. HD ya kawaida, ile ya inchi 32 nyingi, ina nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo. Full HD ina 1920 kwa 1080. Hiyo 4K ina 3840 kwa 2160. Namba zinapendeza, lakini jicho la binadamu lina mpaka wake. Kwenye inchi 32 ya HD ya kawaida, ukikaa mbali kuliko kama mita moja na themanini huwezi tena kuitofautisha nukta moja na jirani yake. Sebule zetu nyingi kochi liko mita mbili, mbili na nusu kutoka ukutani. Hapo inchi 32 ya HD inatosha, na inchi 43 ya Full HD inatosha na kubaki. Inchi 43 ya HD ya kawaida ndiyo ya kuikwepa, maana nukta zimetanuliwa na unaziona ukisogea. Huyo mzee wangu alikuwa akikaa mita mbili na nusu, anaangalia chaneli za king'amuzi ambazo hazirushwi kwa 4K. Alilipia nukta asizoziona.

Tena soma boksi vizuri. Kuna TV zimeandikwa 4K kwa herufi kubwa, na chini, kwa herufi za kusomea miwani, wanasema inapokea 4K. Kupokea maana yake video ya 4K itafunguka, ila itaonyeshwa kwa nukta zile zile chache za kioo. Na inchi pia zinadanganya. Inchi hupimwa kwa mshazari, kona hadi kona, kioo tu bila fremu. Chukua futi ya fundi cherehani: 32 ni sentimita 81, 43 ni sentimita 109, 55 ni kama 140. Nimewahi kupima "32" ikatoa 75, na muuzaji akanijibu kuwa wamepima na fremu. Hata na fremu haikufika.

Kuhusu smati nitasema machache. Smati ya bei rahisi ina kumbukumbu ndogo, baada ya miaka miwili programu zinakataa kujisasisha na inakuwa nzito kama mkokoteni wenye pancha. Pia inakula bando: saa moja ya video ya HD inaweza kumaliza GB moja na zaidi. Kama nyumbani huna intaneti ya kudumu, chukua TV ya kawaida yenye kioo kizuri, na siku ukitaka YouTube utachomeka kiboksi cha Android nyuma. Kiboksi kikizeeka unakitupa, TV inabaki.

Angalia sana nyuma ya TV, kwenye matundu. HDMI, tundu la waya mmoja unaopitisha picha na sauti, zikiwa mbili ni vizuri. Lakini kama king'amuzi chako ni cha zamani kinachotoa nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, hakikisha TV ina AV, kwa sababu nyingi mpya zimeiondoa au zimeificha kwenye tundu dogo linalotaka waya wake maalumu. Uliza waya huo uko ndani ya boksi au la. Na ukiambiwa TV "ina king'amuzi ndani", uliza ni T2 au S2. T2 inashika chaneli za antena ya kawaida, S2 inashika chaneli za dishi zisizo za kulipia. Zile za kulipia, pamoja na ligi kuu yetu iliyoko Azam, bado zinataka king'amuzi chao. Watu wamegombana na wauzaji kwa kutolijua hilo.

Za mtumba sizikatai, nyingine vioo vyake ni vizuri kuliko vipya vya bei rahisi. Ila geuza nyuma usome kibandiko cha umeme kabla ya kutoa pesa. Kikiandika AC 100-240V, sawa. Kikiandika 100V peke yake, hiyo imetengenezewa Japani, na kikiandika 120V peke yake, imetoka Marekani. Ukiichomeka kwenye soketi ya kwetu ya volti 230 utasikia mlio mmoja, kisha harufu. Kijana mmoja aliniletea iliyofanya hivyo ndani ya dakika ya kwanza. Aliyemuuzia alikuwa ameshahama kijiwe.

Sasa umeme na chumvi, maadui wetu wawili wa huku Kusini. Umeme wetu kwa miaka mingi umezalishwa hapa hapa kwa gesi ya Mnazi Bay, na gesi hatujapungukiwa, lakini kukatika tunakujua. TV haiuliwi na kukatika, inauliwa na kurudi, pale umeme unapoingia kwa kishindo ukiwa juu au chini ya kawaida. Kwa hiyo katika laki nne yako, toa kabisa pesa ya TV gadi, ile inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme. Na mvua za radi zikianza, chomoa na waya wa dishi, si plagi peke yake. Radi hupenda kuingilia dishini, inapitia king'amuzi, inatokea kwenye HDMI. Nimeona TV zilizochomolewa ukutani na bado zikafa kwa njia hiyo.

Chumvi haina kishindo. Nikipokea TV ya Shangani au Mikindani naijua kabla mwenyewe hajasema anakaa wapi: miguu ya vifaa kwenye bodi imeota kijani, skrubu zina kutu. Upepo wa kusi unaleta unyevu wa bahari mpaka ndani. Usiiweke TV ikitazamana na dirisha la baharini, na usiifunike kitambaa cha mapambo wakati inawaka, maana joto linakosa pa kutokea. Nilivyoona mimi, inayowashwa kila siku hukaa vizuri kuliko iliyofungiwa ndani miezi mitatu ikimsubiri mwenyewe arudi kutoka Dar.

Dukani usikubali kuonyeshwa video yao ile ya samaki na maua. Nenda na flashi yako yenye picha nyeupe tupu na nyeusi tupu. Kwenye nyeupe tafuta madoa na nukta zilizokufa, kwenye nyeusi tazama kona zinazovujisha mwanga. Simama pembeni, uone kama rangi zinageuka. Iache iwake nusu saa, muuzaji akinuna mwache anune. Namba ya boksi na namba ya nyuma ya TV zifanane, na risiti ya EFD uichukue, maana bila hiyo waranti ni maneno matupu. Waranti yenyewe haihusu kioo kilichopasuka.

Kama nyumbani kuna watoto wa kurusha mpira, dabo glasi, yenye kioo cha pili cha kinga mbele, ina maana yake, ingawa inaakisi dirisha kama kioo cha kujitazamia. Umeme usikutishe: inchi 32 inakula kama wati 50, ukiangalia saa sita kwa siku ni uniti tisa kwa mwezi.

Yule mzee wa Tandahimba alirudi msimu uliofuata, safari hii bila blanketi. Alichukua 32 ya kawaida, ya jina ambalo nina bodi zake nne kwenye rafu. Akaisafirisha imesimama katikati ya wajukuu wawili, na gadi ameishika mwenyewe mapajani.