Kutapika kupita kiasi katika ujauzito si uvivu

Wengi huamini kwamba kichefuchefu cha mimba ni kilekile kwa kila mama, na kwamba mwenye watoto wadogo akijikaza kitamwisha. Imani hiyo ina chanzo: kwa walio wengi hali hutulia yenyewe kufikia wiki ya 16 hadi 20.

Ila kuna kutapika ambako hata maji hayakai tumboni na uzito hushuka, mara nyingi kwa asilimia 5 au zaidi. Huo ni ugonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliuhusisha na homoni iitwayo GDF15, ambayo huongezeka mwilini wakati wa mimba. Kujikaza hakuipunguzi.

Jipime: linganisha uzito wako na ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki, kisha tazama mkojo. Ukiwa wa rangi iliyokoza sana, hujakojoa kwa saa 8, au kila unachokunywa kimerudi kwa siku nzima, nenda hospitali leo. Dawa zinazotumika katika ujauzito zipo. Muulize mkunga au daktari.

Na watoto? Cheza nao ukiwa umelala, uwawekee chakula wanapofikia, na mapishi umwachie mwingine ikiwezekana, maana harufu ya jikoni huchochea kutapika.